Sura ya Sita: Nabii wa Masumbwi

Redio ya gari la polisi ilikuwa mbovu kwa kila kitu isipokuwa sauti ya Nabii. Taarifa ya habari ilikwaruza, muziki ulikwaruza, lakini Nabii alipofungua kinywa mchana wa Jumamosi mitambo yote ilinyooka. Ilikuwa sauti nene ya mtu anayejua kwamba nusu ya mji imeacha sahani mezani ili imsikilize.

"Leo saa kumi jioni, bingwa wetu Kobe atalala," alisema. "Sikusema atashindwa kwa pointi. Nimesema atalala. Raundi ya tano haimkuti. Meza itapinduliwa na yule yule mnayemwita kibonde. Mkibisha, bisheni, mmenizoea."

Konstebo aliyekuwa kwenye usukani aliguna kwa raha, akasema yeye leo hashindani na Nabii, maana tangu mwaka uanze hajakosea anguko hata moja. Inspekta alimgeukia, akamtazama mpaka mwenyewe akakumbuka kuna barabara mbele yake.

Inspekta hakuwa mpenzi wa ngumi. Ungemuuliza mwezi uliopita tofauti ya ulingo na jukwaa la harusi, angekwambia harusini watu huvaa nguo. Sasa alikuwa amejua mengi kuliko alivyotaka. Alijua kwamba bondia mmoja wa jina la utani Tingatinga, kijana mwenye shingo nene na kicheko cha kitoto, alipanda ulingoni kupigana na mtu ambaye hata mkewe hakutarajia ashinde. Raundi ya tatu Tingatinga akalegea, raundi ya nne akaanguka, na mpaka wanamfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Mchana wa siku hiyo hiyo Nabii alikuwa ametangaza redioni kwamba ataanguka. Na kabla ya Tingatinga Nabii alikuwa amewatabiria mabondia wengine wawili waliopewa ushindi na kila mtu, wakaanguka vile vile, ila wao walinyanyuka. Wote watatu walitoka jimu moja, ya mzee anayeitwa Kocha tu, kwa wakubwa na wadogo.

Kobe naye alikuwa wa jimu hiyo. Tena alikuwa mtoto wa Kocha, wa kumzaa.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshalifunga jalada kichwani mwake: mchezo umeuzwa, kuna mkono unaotia dawa kwenye chupa za maji, na mwenye mkono huo anamnong'oneza Nabii. Inspekta naye alilala na kuamka na wazo hilo hadi asubuhi ya leo. Daktari wa polisi alikuwa amemwambia kwamba Tingatinga alivuja damu ndani ya kichwa, na kwamba mwili wake ulikuwa umekauka kama nguo iliyokamuliwa na wanaume wawili. Wakahisi vidonge vya kumtoa mtu maji. Maabara ikatafuta kwenye damu, kwenye mkojo, kwenye chupa, hata kwenye taulo. Majibu yalifika wakati anakunywa chai: hakuna kitu. Hakuna dawa, hakuna sumu, hakuna hata kidonge cha kichwa. Chai ilimpoa mkononi.

Kwa hiyo alibaki na mdomo wa Nabii peke yake, na saa kumi haikuwa mbali.

Walimdaka anatoka studio, anajifuta shingo kwa leso huku wafanyakazi wenzake wakimpiga mabega. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, suruali imenyooshwa mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate. Zamani, kabla ya redio, alikuwa mpiga kengele wa ulingoni. Inspekta alimwingiza kwenye chumba kidogo chenye viti vilivyopandana, akampa kimoja. Nabii akamwita dada, akamuuliza kama na yeye anataka kujua ya leo. Inspekta akamwambia yeye si dada yake, na ya leo ameshayasikia.

"Nani anakupa matokeo?"

"Mungu na macho yangu."

Inspekta hakupandisha sauti. Alimweleza, taratibu kama mtu anayesoma risiti, kwamba watu watatu wameanguka, mmoja yuko kaburini, na mtu pekee aliyejua kabla ni yeye. Akamwambia kwamba hakimu akilisikia hilo hatauliza habari za Mungu. Jumamosi ijayo kipindi kitakuwa na mtangazaji mwingine, na Nabii atakisikilizia mahabusu kama watamruhusu redio. Nabii alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Leso ikarudi shingoni.

"Wewe umewahi kwenda kuangalia mabondia wakipimwa uzito?" aliuliza.

Hakuwahi.

"Basi nenda. Watu wote wanatazama misuli. Mimi natazama midomo. Vijana wa Kocha wanakuja na midomo iliyopasuka, ulimi mweupe, hata mate ya kutema hawana. Halafu natazama namba. Bondia mwenye akili anapanda mizani akiwa pale pale kwenye kikomo, maana kila kilo anayopunguza bure ni ngumi aliyoiacha nyumbani. Vijana wa Kocha wanakuja na pungufu. Tingatinga alipungua kilo mbili na zaidi chini ya kikomo. Watu wakampigia makofi, wakasema hiyo ndiyo nidhamu. Mimi nikaenda zangu redioni."

"Na Kobe asubuhi ya leo?"

"Kobe ni mbaya kuliko Tingatinga."

Inspekta akaitazama saa yake. Akamuuliza kwa nini basi miaka yote vijana wa Kocha walikuwa wakishinda. Nabii akamjibu kwa haraka ya mtu aliyelisubiri swali. Zamani, alisema, walikuwa wanapimwa Ijumaa na kupigana Jumamosi. Wakishuka kwenye mizani wanakunywa na kula usiku kucha, kesho yake wameamka wazima. Tangu mwanzo wa mwaka mapromota wamehamishia upimaji asubuhi ya pambano, wasilipie ukumbi siku mbili. Sasa vijana wa Kocha wanapanda ulingoni bado wakavu, na kichwa kikavu hakibebi ngumi. Alisema amekaa pembeni ya ulingo ujana wake wote na hilo amelishuhudia kwa macho.

"Ulimwambia nani?" Inspekta aliuliza.

"Niliwaambia wote. Si nilitangaza?"

"Ulitangaza kwamba ataanguka. Hukutangaza kwa nini."

Nabii alimtazama kwa mshangao wa kweli, na huo ndio uliomtisha Inspekta kuliko yote. "Nikisema kwa nini, wataacha kukauka," alisema. "Wakiacha kukauka, mimi nitatabiri nini?"

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama fundi cherehani anayekueleza kwa nini hauzi sindano zake. Inspekta alirudisha kiti mahali pake. Amekaa na wezi, na wachinjaji, na mwanamume aliyemuuza mdogo wake, na kila mmoja wao alijua kwamba amekosa. Mwishowe akatoka tu, akamwacha Nabii anauliza kama yuko huru kwenda ukumbini.

Kwenye gari alimpigia simu mwamuzi mkuu wa pambano. Mwamuzi akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa heshima zote kwamba daktari wa mchezo ameshamkagua bingwa na kumpitisha, ukumbi umejaa mpaka ngazini, na kwa kanuni zao aliyebaki na uwezo wa kumtoa bondia ni kocha wake peke yake. Kama Afande ana amri ya mahakama, ailete. Afande hakuwa nayo, na Jumamosi jioni mahakama ina popo tu.

"Afande," Konstebo alisema, na sasa hakuwa na utani, "kwa hiyo Kobe anaweza kufa leo."

"Anaweza."

"Sasa mtu atajikausha kupita kikomo kwa faida gani? Mimi ningefika tu kwenye uzito, ningeomba soda."

Inspekta alikuwa anawaza hilo hilo. Mtu mwenye kiu hajinyimi maji kwa kupenda. Anajinyima mpaka mizani imwambie basi. Kama vijana wote wa jimu moja wanapitiliza, na wanapitiliza kwa kiasi kinachokaribiana, basi hakuna nidhamu hapo. Kuna mizani inayochelewa kuwaambia basi. Akamwambia Konstebo akate kona.

Jimu ilikuwa bohari la zamani lenye madirisha juu kabisa. Wote walikuwa wamekwenda ukumbini, mlango umefungwa kwa kamba tu, kwani mwizi gani ataiba gunia la mchanga linaloning'inia. Ndani palinuka jasho na dawa ya kuchua. Mizani ilisimama kwenye kona yake, imefutwa vumbi, ya kizamani, ile ya fimbo ya chuma yenye mawe mawili ya kusukuma, kubwa la makumi na dogo la kilo moja moja.

Inspekta alianza na sufuri. Alirudisha mawe yote mawili mwanzo wa fimbo, na fimbo ikatulia katikati sawasawa. Sufuri ilikuwa safi. Konstebo akasema basi mizani ni nzima. Inspekta akamwambia apande. Konstebo alikuwa amepimwa juzi tu, kwenye ukaguzi wa afya wa askari, na uzito wake ulikuwa umesomwa mbele ya kikosi kizima na kuchekwa. Akapanda, Inspekta akasukuma mawe, fimbo ikatulia. Konstebo akachungulia.

"Haiwezekani. Nimeongezeka kilo karibu tatu tangu juzi? Na mke wangu amesafiri?"

Inspekta akamshusha. Akavuta vyuma vya kunyanyulia, vile vya duara vilivyochongwa namba ishirini, akaviweka viwili juu ya mizani. Ikasoma arobaini na moja na ushee. Akaongeza cha tatu. Ikasoma sitini na mbili na ushee. Akavishusha vyote. Sufuri ni sahihi, na uongo unakua kadiri mzigo unavyokua. Hiyo si mizani iliyochoka. Mizani iliyochoka hudanganya hata ikiwa tupu.

Akalichomoa lile jiwe kubwa kwenye fimbo na kuligeuza. Chini yake rangi ilikuwa na kovu la duara. Alikwangua kwa ufunguo wa gari, rangi ikabanduka, na ndani ya kucha yake ikaingia nta ya mshumaa. Akaendelea kuchimba. Jiwe lilikuwa limetobolewa, likachimbwa utumbo, likazibwa kwa nta na kupakwa rangi juu. Jiwe likiwa jepesi unalisukuma mbali zaidi ndipo fimbo itulie, na fimbo inakusomea kilo ambazo huna.

Konstebo akasema kwa sauti ya chini kwamba maadui wa Kocha wameingia humu usiku. Inspekta naye alitamani iwe hivyo. Lakini rangi ile ilikuwa imepasuka pasuka na kuingia uchafu kwenye nyufa, na nta imegeuka kahawia. Kazi ile haikuwa ya mwaka huu wala ya mwaka jana. Mtu aliyelitoboa jiwe hili alilitoboa wakati Kobe hajaota ndevu, na miaka yote hiyo hakuna aliyekufa. Inspekta alilifunga kwenye leso, akamwambia Konstebo waende ukumbini.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kidogo na taa yake ilikuwa kali. Nje umati ulikuwa unapiga miguu sakafuni, mapambano ya utangulizi yanaishia. Kobe alikuwa amekaa juu ya meza, mkono mmoja ameunyoosha, na baba yake anamfunga bandeji. Kocha alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole vinene, na vidole hivyo vilizungusha kitambaa kwa upole ambao wanawake wengi hawaupati kwa waume zao. Inspekta aliitazama midomo ya Kobe. Ilikuwa imepasuka katikati, na mpasuko hauna hata damu.

Kocha alimkaribisha, akamwita binti yangu, akamwomba asubiri amalize mkono. Inspekta hakusubiri. Alifungua leso mezani, karibu na paja la Kobe.

Kocha alilitambua mara moja. "Hilo ni langu. La mizani yangu."

"Nani alilitoboa, mzee?"

"Mimi."

Alijibu bila kutetereka, bila hata kuacha kufunga, na Inspekta, aliyekuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina, hakuwa amejiandaa kwa hilo. Kocha akaeleza. Ujana wake alikwenda kugombea mkanda, akapanda mizani, akazidi nusu kilo. Wakampa muda mfupi. Akakimbia kwenye ngazi akiwa amejifunga nailoni, akatema mate mpaka koo likamuuma, akarudi akazidi robo. Mkanda ukaenda kwa mtu ambaye hakurusha ngumi hata moja, na watu wakamcheka Kocha mpaka mtaani. Alipofungua jimu yake aliapa kwamba hakuna kijana wake atakayeaibishwa na mizani. Akaazima keekee ya kutobolea, akafanya kazi yake usiku mmoja, sufuri akaisawazisha upya. Vijana walipoona mizani ya ukumbini inawasoma wepesi, aliwaambia hiyo ya ukumbini imelegezwa na mapromota. Wakamwamini.

"Na hakuna aliyewahi kukataliwa," alisema. "Hata mmoja. Waulize." Ilikuwa sauti ya mtu mwenye fahari.

"Mzee," alisema, "ulipolitoboa, vijana walikuwa wanapimwa lini?"

"Siku moja kabla."

"Na sasa wanapimwa lini?"

Kocha alifungua kinywa ajibu. Vidole vilisimama juu ya bandeji, na Inspekta akaona uso wa mzee ukibadilika taratibu, kwanza macho, halafu mashavu. Alikuwa amegombana na mapromota kuhusu upimaji wa asubuhi, akiwalalamikia kwamba vijana wanakosa usingizi, kwamba hawapati muda wa kusali. Hakuwahi hata mara moja kulikumbuka jiwe lake. Lilikuwa limekaa pale miaka mingi likimfanyia kazi, akalisahau kama mtu anavyosahau msumari aliopigilia ukutani mwenyewe.

"Daktari," aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua, "alisema Tingatinga alikuwa mkavu?"

"Mkavu kabisa, mzee."

Inspekta alinyoosha mkono amshike bega, mzee akauondoa. Alichukua mkasi mezani, akaingiza ncha yake chini ya bandeji aliyoifunga mwenyewe, akaanza kuikata.

"Kocha, unafanya nini?" Kobe aliuvuta mkono wake.

"Hupigani."

"Watu wamejaa. Mkanda wangu upo mezani kwa majaji. Nimejinyima wiki nzima, sasa unasema sipigani?"

"Jiwe linadanganya, mwanangu. Nililitoboa mimi. Kilo ulizokuwa unazikimbiza hazikuwapo. Ulikuwa umefikia uzito wako tangu Jumatano. Na mwenzako naye alikuwa ameshafikia." Akaweka mkasi mezani. "Nimemuua mimi. Hakuuawa na ngumi."

Mlango ukagongwa, mtu akatia kichwa na kusema bingwa anaitwa ulingoni. Konstebo akamrudisha nje kwa kifua na kuuegemea mlango. Makelele ya umati yalipanda, yakiita jina la Kobe kwa mkupuo mmoja. Inspekta alisubiri Kobe apige kitu, au amkabili baba yake, au alie. Alikuwa na pingu kiunoni na hakujua azifanyie nini.

Kobe hakufanya lolote kati ya hayo. Alishuka mezani, akasimama na bandeji inaning'inia mkononi, akalitazama lile jiwe lililochimbwa utumbo. Kocha akamsogezea chupa ya maji. Hakuipokea.

"Ijumaa ile ya Tingatinga, tukiwa kambini jimu," alisema, "ufunguo wa stoo ya maji ulikuwa kwangu. Tingatinga alikuja mlangoni kwangu, akaniomba kikombe kimoja. Aliniambia, kaka, nakufa. Nikamwambia aache utoto."

Kocha alisema kwa shida kwamba hilo halikuwa kosa lake, yeye alikuwa anafuata alichofundishwa.

"Akapiga magoti, Baba," Kobe alisema. "Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye mizani, ili aone mwenyewe."